Juu ya nini kitu kimoja kinaelea na kingine kinazama, na namna ya kuchagua mbegu ya mupunga kwa mayi



Mutu akitupa jiwe mutoni, linazama. Akitupa kipande cha muti, kinaelea. Hata mutoto mudogo anajua hayo. Lakini mukimuuliza mutu muzima sababu yake, atajibu upesi: «Jiwe ni zito, muti ni mwepesi.» Jawabu hilo linaonekana kuwa kweli, lakini si kweli kabisa. Gogo ambalo watu sita hawawezi kulibeba linaelea juu ya Lualaba. Na punje moja ya muchanga, ambayo ukiishika kidoleni husikii uzito wake, inazama mpaka chini. Basi uzito peke yake hauamui neno hili.

Kuna neno lingine, na tunataka kulieleza hapa polepole, kwa maana lina faida kubwa kwa mwenye shamba. Kwa neno hilo mutu anaweza kujua mbele ya kupanda kama mbegu yake ya mupunga ina chakula ndani ao ni ganda tu. Mimi mwenyewe nililijifunza shuleni katika kitabu, nikafikiri nimelijua. Nyuma yake mama mumoja muzee alinifundisha mara ya pili, na habari yake nitaisimulia mahali pake.

Uzito na nafasi

Kwanza tuache mutoni, tutazame vipimo. Twaa makopo matatu ya maziwa yaliyo sawa kwa ukubwa. Kopo la kwanza ulijaze makapi ya mupunga. La pili ulijaze mayi. La tatu ulijaze ule muchanga mweusi unaobaki katika karai ya watu wanaochimba kasiteriti. Makopo ni sawa, nafasi ndani yake ni sawa, lakini mukono unasikia tofauti mara moja. La kwanza ni kama kopo tupu. La pili lina uzito kidogo. La tatu linavuta mukono chini, na mutoto hawezi kulishika muda murefu.

Hivyo kila kitu kina uzito wake kwa nafasi yake. Haifai kuuliza: «Kitu hiki ni kizito?» Inapashwa kuuliza: «Kitu hiki ni kizito kupita mayi yanayoweza kujaa katika nafasi ile ile?»

Watu wa elimu wamepima vitu vingi kwa namna hii. Litri moja ya mayi safi inapima kilo 1. Litri moja ya mafuta ya mawese inapima gramu 900 na kidogo. Lile jiwe jeupe gumu linalovunjika na kuwa muchanga, kama ungeweza kulichonga kwa ukubwa wa litri moja, lingepima kilo 2 na gramu 650. Kasiteriti safi ya ukubwa ule ule ingepima karibu kilo 7. Chuma kingepima karibu kilo 8, na zahabu kilo 19 na gramu 300. Miti haiko sawa yote. Ule muti laini unaoota upesi katika mashamba yaliyoachwa, wenye majani mapana kama mwavuli, litri yake ikiwa kavu haifiki hata gramu 400. Miti migumu ya pori kubwa inakaribia kilo, na mingine michache inapita kilo. Hiyo michache ukiitupa mutoni inazama kama jiwe, ingawa ni muti.

Sasa kanuni yake ni rahisi. Kitu kikiwa chepesi kupita mayi ya nafasi yake, kinaelea. Kikiwa kizito kupita mayi ya nafasi yake, kinazama. Kikiwa sawasawa nayo, kinakaa katikati, hakipandi wala hakishuki.

Tukirudi kwa gogo letu la watu sita: ni zito, kweli, lakini ni kubwa vilevile. Mayi ya nafasi yake yangehitaji watu kumi kuyabeba. Kwa hiyo mutoni unalishinda na kulichukua juu. Punje ya muchanga ni nyepesi sana, lakini nafasi yake ni ndogo kupita kiasi, na tone la mayi la nafasi ile ni jepesi zaidi yake. Basi inazama.

Mayi yanasukuma juu

Labda mutu atasema: «Mayi hayana mikono, yanashindaje gogo?» Afanye hivi. Atwae kopo tupu, alifunge vizuri mayi yasiingie, alisukume kwa kiganja chini ya mayi ya beseni. Atasikia mayi yanalirudisha juu. Kadiri anavyolizamisha, ndivyo yanavyolisukuma kwa nguvu, mpaka limezama lote. Toka hapo nguvu haiongezeki tena. Nguvu ile ni uzito wa mayi yaliyofukuzwa katika nafasi yake. Kopo la litri moja likizama lote, mayi yanalisukuma juu kwa nguvu ya kilo moja.

Mutu wa kwanza kulieleza jambo hili katika maandiko ni Archimedes wa Siracusa, katika kisiwa cha Sicilia. Alikufa mwaka 212 mbele ya kuzaliwa kwa Kristo. Aliandika kitabu kizima juu ya vitu vinavyoelea, na kanuni yake haijabadilika tangu siku zile.

Kijana mumoja aliniuliza swali zuri. Alisema: «Kama muti unaelea kwa sababu ya wepesi wake, juu ya nini magogo ya zamani yanalala chini ya mutoni?» Nilimujibu hivi: ndani ya muti kuna vijitundu vyembamba sana, na katika muti mukavu vimejaa hewa. Muti wenyewe bila hewa hiyo ni muzito kupita mayi. Gogo likilala mutoni muda murefu, mayi yanaingia polepole na kufukuza hewa, na siku moja linakwenda chini. Sababu ni ile ile kwa muti mubichi: mara nyingi unaelea vibaya, umezama nusu na zaidi, na uliokauka unaelea vizuri. Watu wanaofunga mitumba ya miti ya kushuka nayo mutoni wanajua kuikausha kwanza.

Na chuma? Chuma kinazama, lakini zamani mashua kubwa za chuma zenye mvuke zilipita juu ya Lualaba kati ya Kindu na Ubundu, wakati ule jina lake Ponthierville. Ni kwa sababu mashua si chuma kitupu. Ni chuma pamoja na nafasi kubwa ya hewa ndani yake, na vyote viwili pamoja ni vyepesi kupita mayi ya nafasi ile. Ikitoboka, mayi yakatwaa mahali pa hewa, inazama.

Mutumbwi ni vilevile, na hapa wenye kupeleka mazao kwa mutumbwi wafanye hesabu. Mutumbwi wenye urefu wa metre 5 na upana wa santimetre 60, kila santimetre moja unapozama, unafukuza mayi ya kilo 30, hata kidogo chini ya hapo kwa sababu ncha zake ni nyembamba. Gunia moja la kilo 100 linauzamisha santimetre 3 na zaidi. Magunia matano, na mupiga kasia, na mke wake na mutoto: ubavu uliokuwa juu ya mayi unabaki kidogo tu. Mutumbwi haujakataa bado, unaelea. Lakini wimbi dogo likiingia, mayi yale yanakuwa gunia la sita, na la saba linakuja lenyewe. Afazali kwenda mara mbili.

Karai ya kasiteriti

Katika Maniema watu wanachimba kasiteriti tangu miaka ya 1930, na wengi wenu mumeona namna ya kuisafisha. Udongo na mawe vinatiwa katika karai ao katika mufereji wa mbao, mayi yanapita juu yake, mukono unazungusha na kutikisa. Udongo unakwenda na mayi, muchanga mweupe unafuata, na kasiteriti inabaki chini.

Hapa musikosee. Muchanga mweupe hauelei. Kilo 2 na gramu 650 kwa litri ni kupita mayi. Lakini kasiteriti ya karibu kilo 7 inaupita mbali, hivyo mayi yanayotembea yanaweza kuuinua muchanga na hayawezi kuinua kasiteriti. Vyote viwili vinazama, kimoja upesi na kingine polepole, na mwendo wa mayi unavitenga. Tena ndiyo maana watu wanachekecha kwanza kuondoa mawe makubwa: jiwe kubwa la namna nyepesi linabaki chini pamoja na punje ndogo ya namna nzito, na kazi inaharibika. Vitu viwe karibu sawa kwa ukubwa, ndipo mayi yataweza kuchagua kwa uzito.

Mama anapopepeta mupunga katika lungo anafanya kazi ya namna ile ile, isipokuwa anatumia hewa mahali pa mayi.

Jambo moja juu ya mafuta ya mawese, kwa wanaouza kambini. Mafuta ni mepesi kupita mayi, kwa hiyo yanakaa juu siku zote. Mwenye kutia mayi katika chupa ya mafuta apate franka nyingi anajidanganya, kwa sababu munuzi akiyapasha moto kidogo na kuyaacha yatulie, mayi yote yanaonekana chini ya chupa. Nimeona watu wakirudishwa na mizigo yao yote, hata waliokuwa hawakutia kitu, kwa kosa la mumoja.

Mbegu ya mupunga

Sasa tumefika kwa neno lenyewe. Mupunga si muzaliwa wa kwetu. Uliletwa Maniema na Waungwana waliotoka pwani ya mashariki katika karne ya 19, siku za Tippu Tip, na udongo wetu uliupokea vizuri. Lakini mwenye kulima mupunga karibu na machimbo ana jaribu moja. Wanunuzi wa kambi wanataka mupunga muzuri, uliojaa. Basi anauza uliojaa, na ule muchafu, wenye punje nyembamba, anauweka kwa mbegu. Anasema: «Mbegu ni mbegu tu.» Shamba lake linatoka dhaifu, naye anasema udongo umechoka.

Fikirini punje ya mupunga kama nyumba ya mutoto na ghala yake. Ndani kuna kimea kidogo sana, na chakula cheupe kilicho kando yake, ndicho tunachokiita muchele. Kimea kikiamka katika udongo hakina bado mizizi wala majani. Siku za kwanza kinakula ghala yake. Ghala ikiwa imejaa, kinatoka na nguvu na kushinda majani ya pori. Ikiwa nusu, kinatoka dhaifu ao kinakufa njiani. Ikiwa tupu, hakuna kitu.

Namna ya kutenga punje hizi ni kwa mayi. Punje tupu ni ganda na hewa: inaelea, kila mutu ameiona. Shida ni punje ya nusu. Hiyo ni nzito kupita mayi kidogo tu, basi inazama pamoja na nzuri, na macho hayawezi kuitambua. Tutaitengaje? Hatuwezi kuifanya punje iwe nyepesi. Lakini tunaweza kuyafanya mayi yawe mazito.

Chumvi inafanya kazi hiyo. Mutu akitia kilo 2 za chumvi katika litri 10 za mayi na kuzikoroga mpaka ziyeyuke, mayi hayawi litri 12. Yanaongezeka kidogo tu, hayafiki hata litri 11. Lakini uzito wake umekuwa kilo 12. Basi kila litri sasa inapima karibu kilo 1 na gramu 120. Punje ya nusu, iliyokuwa nzito kupita mayi safi, ni nyepesi kupita mayi haya, na inapanda juu. Punje iliyojaa inabaki chini.

Katika mugini hakuna mizani siku zote, kwa hiyo watu wanapima mayi ya chumvi kwa yai la kuku. Yai la siku moja ni zito kupita mayi safi kidogo: linazama. Mayi yakipata chumvi ya kutosha, linainuka. Hiyo ni alama.

Kosa langu

Mwaka wa kwanza wa kazi yangu nilipelekwa katika mugini ulio kando ya barabara iendayo kwenye machimbo. Nilikuwa kijana, nilikuwa na daftari mupya, na niliwaita watu wote waje kutazama. Mama mumoja muzee, mujane, alileta mbegu yake ya kwanza, kikapu kizima. Ilikuwa mbegu yake yote ya mwaka ule.

Niliomba yai. Kijana mumoja alikuwa na kikapu cha mayai akingoja lori apeleke kambini, akanipa moja. Nikatia chumvi konzi moja, mbili, tatu. Yai likainuka. Nilifurahi sana, kwa maana chumvi ni bei kali, na niliwaambia watu: «Tazameni, chumvi kidogo inatosha!» Nikamwaga mbegu. Zikaelea punje chache tu. Watu wakamusifu yule mama kwa mbegu yake nzuri, naye akacheka. Akaenda kupanda.

Nyuma ya majuma matatu aliniita shambani. Mupunga ulikuwa umetoka kama nywele za mutu mugonjwa: hapa kidogo, pale hakuna. Mahali pengine majani yalikuwa membamba na ya manjano. Mama hakunitukana. Alisema: «Mwanangu, wewe ulituambia mayi hayasemi uwongo.»

Sikuwa na jibu. Nilianza kusema habari za mvua na za ndege. Akanyamaza akinitazama, kisha akauliza: «Yai lile lilitoka kwa nani?» Nikamutajia yule kijana. Akapiga makofi mara moja. «Yule? Lori lilikuwa halijapita siku nyingi. Mayai yake yalikuwa yamezeeka katika kikapu. Yai la namna hiyo linaelea hata katika mayi ya kunywa. Mimi ninafuga kuku, kila siku ninayapima hivyo mbele ya kuyapika.»

Ndiyo, na sababu yake niliijua, sikuikumbuka tu. Ganda la yai lina vijitundu visivyoonekana. Siku kwa siku mayi ya ndani yanatoka kama mvuke, na hewa inaingia mahali pake. Yai linabaki na ukubwa ule ule, lakini uzito wake unapungua. La siku moja linalala ubavu chini ya mayi. La siku nyingi linasimama kwa ncha. Lililozeeka sana linaelea. Mimi nilidhani chumvi yangu imeinua yai, kumbe uzee ndio uliokaribia kuliinua. Mayi yangu yalikuwa mepesi, na punje zote za nusu zilizama pamoja na nzuri. Kanuni haikukosa. Aliyekosa ni mwenye kupima, kwa kipimo asichokipima kwanza.

Msimu ulikuwa umepita kwa kupanda tena shamba zima. Nilimupa mbegu kidogo niliyokuwa nayo mwenyewe, akajaza mahali palipokuwa wazi karibu na nyumba, na kwingine akatia muhogo. Nyumba yake ilikula muhogo mpaka mavuno mengine, na mupunga wa kuuza hakuupata. Wajukuu wawili walikuwa wanangoja franka zile kwa shule. Habari hii sikuiandika katika ripoti yangu, lakini ninaiandika hapa.

Namna ya kuifanya vizuri

Tafuteni yai jipya, la leo ao la jana, na kwanza mulitie katika mayi safi. Likilala ubavu chini kabisa, ni zuri kwa kipimo. Likisimama ao likielea, muliache, mutafute lingine.

Kisha twaeni mayi safi litri 10 katika beseni ao chungu kipana. Mutie chumvi polepole mukikoroga, na chumvi yote iyeyuke mbele ya kuongeza nyingine, kwa maana iliyolala chini haisaidii kitu. Karibu na kilo 1 na nusu yai litaanza kuinuka. Musisimame hapo. Ongezeni mpaka mugongo wake uonekane juu ya mayi, mviringo wa upana wa vidole viwili hivi. Hapo mumekaribia kilo 2.

Mumwage mbegu kidogo kidogo, si kikapu kizima mara moja, kwa sababu punje nyingi zinakamatana na mbaya zinabaki chini ya nzuri. Korogeni kwa mukono. Vinavyoelea muviondoe upesi kwa kichungio, kisha mukoroge tena na kuondoa tena. Kazi hii isipite dakika chache. Chumvi ikikaa katika mbegu inaua kimea, hivyo mara tu mutakapozitoa zilizozama, muzioshe kwa mayi safi mara mbili ao tatu, mpaka ukionja mayi ya mwisho usisikie chumvi. Ninasisitiza neno hili. Nimeona mutu aliyefuata yote vizuri, akasahau kuosha kwa sababu mutoto alikuwa akilia, na mbegu nzuri kabisa ikafa. Zikiisha kuoshwa, zipandwe siku ile, ao zianikwe kivulini mpaka zikauke.

Mayi yale ya chumvi musiyamwage. Jirani aje na kikapu chake, na mwingine nyuma yake. Nguvu yake inaweza kupungua, kwa hiyo kila nyuma ya vikapu viwili vitatu murudishe yai ndani kutazama, na kuongeza chumvi kama limeshuka. Nyumba kumi zikichanga chumvi, hakuna anayelipa sana. Mwisho musiyamwage shambani.

Kama chumvi haipatikani kabisa, udongo wa mufinyanzi unasaidia. Mulowanishe udongo mulaini usio na muchanga, mukoroge mpaka mayi yawe mazito kama uji mwepesi na yainue yai jipya kama tulivyosema. Mayi ya udongo ni mazito kwa sababu udongo unatembea ndani yake, lakini ukiyaacha kidogo unashuka chini, na mayi yanarudi kuwa mepesi. Kwa hiyo mukono usipumzike. Kazi ni chafu na ni ya haraka, lakini haiombi franka.

Maharagi yaliyotobolewa na wadudu yanaweza kutengwa kwa mayi safi tu, kwa maana shimo la mududu limejaa hewa. Lakini kalanga katika maganda yake musizipime hivyo. Zitaelea zote, hata zilizo bora, kwa sababu ya hewa iliyo ndani ya ganda, na mutatupa mbegu yenu yote.

Tena mujue ya kuwa mayi yanajua uzito tu. Hayajui kama kimea ndani ni kizima. Mbegu iliyowekwa miaka mingi, ao iliyokaa juu ya moto mukali, inaweza kujaa na kuwa nzito na hata hivyo imekufa. Kwa sababu hiyo, siku kumi mbele ya kupanda, hesabuni punje 100 zilizozama, muzifunge katika kitambaa kilicholowana, mukiweke mahali pa joto na kukilowanisha kila siku. Nyuma ya siku 7 muzihesabu zilizoota. Zikifika 80 na zaidi, pandeni. Zikiwa 60, ongezeni mbegu katika kila shimo. Zikiwa chini ya hapo, afazali kuomba ao kununua mbegu nyingine mbele ya mvua.

Punje zilizoelea zioshwe vilevile, zianikwe, zipewe kuku. Zisipooshwa, chumvi itawadhuru.

Msimu uliofuata nilirudi katika mugini ule, na nilifikiri hakuna atakayekuja. Mama yule alikuja wa kwanza, na kikapu kichwani, na yai katika mukono. Mimi nilikuwa bado ninafungua gunia la chumvi. Aliomba kopo la mayi ya kunywa, akatia yai ndani, akainama kulitazama. Lililala ubavu chini. Akalitoa, akanipa, akasema: «Sasa tia chumvi yako.»